Siku tano na mjomba kwenye pwani ya miti ya redwudi

Mjomba amesharudi Pangani, nami ndiyo nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu, risiti na picha mia tatu na zaidi za simu. Alikuja Oakland, hapa California, kunitembelea baada ya miaka kumi na moja ya kuahidiana. Mjini nilimtembeza nikamaliza, akashukuru, lakini nilimwona hana raha. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, huku kwenu hakuna mahali ambapo bahari na miti vinakutana?" Maisha yake yote amekuwa fundi wa vyombo. Mbao na maji ndiyo anayoyajua. Nikaomba likizo, nikakodi gari dogo, tukashika njia ya kaskazini.

Tarehe sikuzichagua mimi. Nilimwonyesha kalenda, akaangalia mwezi unapoandama, akasema, "Twende mwezi ukiwa mwembamba. Tukutane na bamvua." Bamvua ni zile siku ambazo bahari hukupwa na kujaa kupita kawaida. Naye alikuwa sahihi, kama mtakavyoona.

Jumanne, 27 Mei 2025. Oakland hadi Trinidad

Tuliondoka alfajiri, baada ya sala. Jumatatu ilikuwa sikukuu ya kitaifa hapa Marekani, kwa hiyo foleni yote ilikuwa upande wa pili, watu wakirudi. Barabara ni moja tu, namba 101, nayo hadi Willits haina la kusimulia zaidi ya mashamba ya mizabibu na vituo vya mafuta.

Baada ya Garberville tuliiacha 101 na kuingia barabara ya zamani inayoitwa Avenue of the Giants. Ina urefu wa kilomita 50 hivi, inakwenda sambamba na ile kubwa, na hailipiwi. Msilipite hili eneo kwa haraka. Mwanga unabadilika ghafla, kama mtu aliyefunga madirisha ya nyumba. Mjomba alishusha kioo, akanyamaza kwa dakika nyingi.

Tulisimama Founders Grove. Pale kuna mti ulioanguka mwezi Machi 1991, wakauita Dyerville Giant, na haujaondolewa. Umeachwa pale pale ulipolala. Ulipokuwa umesimama ulipita mita 100. Mjomba alianza kutembea kando yake kuanzia kwenye mizizi, akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika mia moja alisimama kupumua. Juu ya gogo kumeota miche, makangaga na kuvu, mti mmoja umekuwa shamba. Alirudi pale kwenye mizizi, ambayo imesimama wima kama ukuta wa ghorofa mbili, akaitazama chini na juu. "Mizizi mifupi," akasema. "Mti mrefu hivi, mizizi haikwenda chini kabisa. Umesimamaje?" Kwa bahati mama mmoja aliyekuwa na wajukuu wake alisikia nikimtafsiria mume wake swali hilo, naye akatueleza kwamba mizizi ya redwudi huenda chini mita chache tu, lakini hutanda mbali na kushikana na ya jirani zake. Mjomba aliposikia tafsiri alitikisa kichwa kwa kukubali, akaniomba nimpe yule mama asante yake, na chapati mbili.

Mafuta: jazeni tanki Ukiah au Willits. Kuanzia Garberville kwenda juu nililipa zaidi ya dola 5 kwa galoni, na galoni ni kama lita 3.8.

Tulifika Trinidad jioni. Ni kijiji kidogo juu ya mwamba, chini yake ghuba yenye mashua za wavuvi. Jua huku mwezi Mei huzama saa tatu kasoro usiku, kwa hiyo Magharibi ilitukuta bado tunatembea ufukweni. Tulitafuta mwezi mwandamo wa Mfunguo Tatu. Ukungu ulikuwa umeshalala juu ya bahari, hatukuona kitu. Simu ndiyo iliyotuambia kwamba umeonekana kwingine. Kibla, kwa wanaohitaji kujua, huku ni kaskazini kwa kuelekea mashariki kidogo. Ukisimama ufukweni unaelekea msituni.

Jumatano, 28 Mei. Sue-meg, na maji yaliyokimbia

Hifadhi ya Sue-meg iko mwendo wa dakika kumi kutoka Trinidad. Zamani iliitwa Patrick's Point. Mwaka 2021 ikarudishiwa jina lake la Kiyurok, lugha ya wenyeji wa asili wa pwani hii. Kuingia na gari tulilipa dola 8.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tunateremka kwenye njia ya Palmer's Point, mimi na makoti mawili, yeye na koti, sweta, na kofia yake ya kiua juu ya kofia ya sufu. Maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu. Mwezi mpya ulikuwa wa juzi, bahari ilikuwa inavutwa hasa, na miamba ambayo siku nyingine haionekani ilikuwa wazi, imevikwa majani meusi yanayong'aa. Nilikuwa nimechapisha jedwali la kupwa na kujaa. Mjomba hakuliomba hata mara moja. Alipanda kijiti kwenye mchanga kati ya mawe mawili, akakitazama, akasema, "Tuna saa moja na kidogo. Yakigusa kijiti tunaondoka."

Ile saa moja sitaisahau. Kwenye vidimbwi kulikuwa na viumbe vya kijani kibichi, vipana kama sahani ya chai, vyenye vidole laini. Mjomba alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole, nacho kikamshika taratibu, kama kinanyonya, kisha kikajifumba. Kome walikuwa wamejipanga kwenye mwamba kwa maelfu, weusi wenye buluu. Viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, tuliona vitano tu, vya zambarau na vya rangi ya chungwa, vikubwa kuliko kiganja. Kijana mmoja aliyekuwa akihesabu viumbe alitwambia kwamba kuanzia mwaka 2013 kuna ugonjwa uliowayeyusha viumbe hao pwani yote hii, na kwamba kila anayemwona anamwandika. Alimruhusu mjomba ashike kalamu na kumwandika yule wa tano. Mjomba aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: KITI CHA PWEZA 1, MZIMA.

Maji yalipogusa kijiti, tukapanda.

Msiteremke bila kuangalia jedwali la maji. Pwani hii ina mawimbi ya ghafla yanayokuja mbali kuliko yote yaliyotangulia, na ufukweni kuna magogo makubwa ambayo wimbi dogo tu huyaviringisha. Usiipe bahari mgongo, usimkalishe mtoto juu ya gogo lililo karibu na maji. Na maji ni baridi kweli. Hii siyo bahari ya kuogelea.

Ndani ya hifadhi hiyo hiyo kuna kijiji cha Kiyurok kilichojengwa upya mwaka 1990, nyumba za mbao za redwudi zenye mlango wa duara, mdogo, unaoingia kwa kuinama. Mjomba alipitisha kidole kwenye mbao na kusema kwamba hazikupasuliwa kwa msumeno. Zilipasuliwa kwa kabari, kufuata nyuzi za mti. Nilisoma bango, nikakuta ndivyo.

Kisha Agate Beach, chini ya ngazi nyingi. Agate ni akiki. Nilipomwambia mjomba kwamba ufukwe huu jina lake ni Ufukwe wa Akiki, alinyoosha mkono na kutazama pete yake, ya akiki, aliyoachiwa na babu yangu. Alitembea ameinama kwa zaidi ya nusu saa. Alipata kajiwe kamoja, kadogo kama punje ya hindi, rangi ya asali, akakashika mbele ya mwanga mpaka kakawaka. Akakarudisha kwenye mchanga.

Mchana, kabla ya kufika Orick, tulikula wali wetu wa nazi kwenye kituo cha wageni kilicho ufukweni, kisha tukapanda Bald Hills Road hadi Lady Bird Johnson Grove. Ni mzunguko mwepesi wa kilomita mbili na kitu. Ukungu ulikuwa umefuata mlima mpaka juu, na kati ya vigogo mirhododendroni ilikuwa imechanua maua ya waridi. Hakukuwa na mvua, lakini tulikuwa tunalowa. Matone yalikuwa yanatoka juu, kutoka kwenye majani yenyewe. Askari wa hifadhi alisema hivyo ndivyo msitu unavyoishi kiangazi ambapo mvua hainyeshi: ukungu wa baharini unanaswa na majani, maji yake mengine yananywewa na majani moja kwa moja, mengine yanadondoka kwenye mizizi, na kwa mwaka mzima ukungu huo unafikia karibu theluthi moja ya maji yote ya msitu. Mjomba alifuta uso kwa leso. "Kumbe bahari ndiyo inayomwagilia," akasema. Kuanzia hapo hakuita tena ule mti jina la Kiingereza. Aliuita mti wa bahari.

Tulilala Klamath, moteli ya kawaida, dola 138 na kodi. Mtandao wa simu kuanzia Orick unakatika mara kwa mara. Pakueni ramani mapema.

Alhamisi, 29 Mei. Ufukwe wa dhahabu na korongo la makangaga

Hii ndiyo siku ya kupanga kwa makini. Kwenda Gold Bluffs Beach na Fern Canyon kwa gari kuanzia 15 Mei hadi 15 Septemba lazima uwe umeweka nafasi mtandaoni kabla, na langoni tulilipa dola 12. Nafasi huisha haraka. Mimi nilipata ya siku hii baada ya kufungua tovuti kila asubuhi kwa wiki mbili. Anayeweza kutembea anaweza kuingia kwa miguu kutoka kituo cha wageni cha Prairie Creek kwa njia ya James Irvine, kama kilomita saba kwenda tu, ila aulize kwanza kituoni hali ya madaraja.

Davison Road ni ya vumbi, nyembamba, yenye mashimo, na mbele kuna vijito vya kuvuka. Gari langu lilikuwa chini. Kwenye kijito cha kwanza nilisimama, sikuwa na uhakika. Mzee mmoja mwenye gari kubwa nyuma yetu alishuka, akaingia ndani ya maji na viatu vyake, akatembea mpaka ng'ambo ili nione kina, akanielekeza kwa mkono nipite upande wa kushoto. Nikapita. Alinipungia, akaendelea zake. Hata jina sikumuuliza.

Mchanga wa pale ni wa kijivu cha kukoza, na miaka ya 1850 watu walikuja kuchekecha dhahabu ndani yake. Nyuma ya ufukwe kuna kuta za udongo wa manjano, na juu ya kuta msitu. Kati ya bahari na kuta tulikuta elki kama ishirini, wanalala kwenye nyasi. Kwa wasiomjua: ni mnyama anayefanana na paa, mkubwa kuliko kuro lakini hamfikii pofu, shingo nyeusi, makalio meupe. Walikuwa na ndama wadogo wenye madoa. Majike wenye ndama wana hasira msimu huu, na sheria ni kukaa mita 23 au zaidi. Tulikaa ndani ya gari. Mjomba alikumbuka Saadani, karibu na kwetu, ambako wanyama nao hutoka porini wakafika mchangani. Alitamani kaka yake awepo aone.

Fern Canyon ni korongo lenye kuta za wima, zafika mita 15, nazo zimefunikwa na makangaga kutoka chini hadi juu, matone yakitiririka kila mahali. Madaraja ya mbao ya kiangazi hatukuyakuta, kwa hiyo ilikuwa ni kutembea ndani ya kijito. Mimi nilikuwa na mabuti. Mjomba alikuwa na viatu vya ngozi alivyonunua Tanga kwa ajili ya safari. Alivivua, akavifunga kamba shingoni, akaingia pekupeku kama anayekwenda kusukuma ngalawa. Baada ya nusu saa miguu yake ilikuwa imepauka kwa baridi. Kosa langu, nilitakiwa kumnunulia mabuti. Mke na mume wenye umri kama wangu walimwona amekaa kwenye gogo, wakatoa soksi nene za sufu kwenye begi lao, mpya, na kumvisha wao wenyewe. Walikataa hela, walikataa hata kuzipokea soksi baadaye. Mjomba aliwaombea dua ndefu, nami nikawatafsiria yote, nao wakasikiliza mpaka mwisho.

Kwenye njia ya kutokea, juu ya korongo, aliona koa wa njano, wa njano kabisa kama ndizi mbivu, mrefu kuliko kidole cha kati. Tulisubiri avuke njia.

Alasiri tulirudi Klamath, tukapanda kwenye kilima kinachotazama mdomo wa mto. Nyangumi hatukuwaona, wengi hupita Machi na Aprili wakielekea kaskazini. Lakini chini, kando ya mto, kuna jambo lililokuwa la thamani kuliko nyangumi. Tulimkuta bwana mmoja wa Kiyurok anafunika mtumbwi. Mtumbwi wa gogo moja, wa redwudi. Nilimwomba radhi, nikamweleza huyu ni mjomba wangu, ni fundi wa vyombo kutoka pwani ya Tanzania. Akaufunua.

Mjomba hakugusa kwanza. Alizunguka, akachuchumaa kwenye omo, yaani mbele, akalenga kwa jicho moja mpaka tezi, yaani nyuma. Kisha akauliza, nami nikatafsiri: mmechonga kwa zana gani? Yule bwana akafanya ishara ya tezo, akivuta kuelekea kwake. Mjomba akafanya ishara ile ile. Hapo mimi sikuhitajika tena kwa muda. Walionyeshana unene wa ubavu kwa vidole, walionyeshana namna ya kutumia moto. Ndani, karibu na mbele, kulikuwa na kifundo kilichoachwa wakati wa kuchonga, mviringo, kama ngumi. Yule bwana aliweka kiganja juu yake, kisha kifuani kwake. Ni moyo wa mtumbwi. Mtumbwi kwao ni kiumbe, na mti wenyewe ni ndugu. Mjomba akasema nimwambie kwamba kwetu chombo hakishuliwi bila dua na chakula. Yule bwana akasema, "Vizuri."

Alitusimulia pia habari ya mto: mabwawa manne yaliyokuwa juu yake yamebomolewa, kazi ikaisha mwaka 2024, na vuli ile ile samaki wa samoni wakaonekana wamepanda hadi mahali ambapo hawakuwahi kufika kwa zaidi ya miaka mia moja. Jioni tulinunua samoni wa kubanikwa kwa moshi, dola 22 pande moja, tukala na wali. Kwa Waislamu: supu nyeupe ya kombe inayouzwa kila mgahawa wa pwani hii mara nyingi ina nyama ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Ijumaa, 30 Mei. Foleni, mnara, na uzi wa mjomba

Kati ya Klamath na Crescent City kuna kipande kinachoitwa Last Chance Grade, ambapo mlima mzima unateleza kuelekea baharini na barabara pamoja nao. Mwaka 2024 iliamuliwa kuchimba handaki kuukwepa, lakini kwa sasa ni matengenezo ya kila siku. Tulisimama dakika 35. Dereva wa lori mbele yetu alitumiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Kama una miadi upande wa pili, ongeza saa nzima.

Crescent City ina mabango ya buluu ya tsunami kila kona. Machi 1964, tetemeko la Alaska lilileta mawimbi usiku yaliyobomoa katikati ya mji na kuua watu 11. Mjomba aliuliza maana ya picha kwenye bango, akanyamaza. Mwaka 2004 bahari ilipofika hadi kwetu kutoka Asia alikuwa ufukweni na aliyaona maji yakienda na kurudi wakati usio wake.

Mnara wa Battery Point, wa mwaka 1856, uko juu ya kijisiwa, na unavukwa kwa miguu maji yakikupwa tu. Tulivuka saa tatu asubuhi, tukakaa robo saa, mjomba akasema turudi. Wengine walibaki. Sijui walivukaje.

Sala ya adhuhuri tuliswalia Stout Grove, penye kokoto za mto Smith. Kufika huko ni kwa Howland Hill Road, ya vumbi, inayojipenyeza katikati ya vigogo kiasi kwamba magari mawili lazima yapishane kwa subira. Mahali hapa palitolewa mwaka 1929 na mjane wa mfanyabiashara wa mbao, Clara Stout, pasikatwe, kwa kumbukumbu ya mumewe. Nilimsomea mjomba. Akauliza, "Na misitu mingine yote ilikwenda wapi?" Nikamwambia ukweli: katika msitu wa kale wa redwudi uliokuwepo, imebaki kama asilimia 5. Hifadhi ya taifa yenyewe iliundwa mwaka 1968, wakati mingi ilishakwisha.

Hakujibu. Kwenye njia kulikuwa na gogo lililoanguka, limekatwa ili watu wapite kati, na uso wa mkato ulikuwa mrefu kumpita yeye. Alitoa mfukoni uzi wake wa mshipi, ule anaotembea nao siku zote, akanipa ncha moja niishike upande mmoja wa gome. Yeye akavuta hadi upande wa pili. Pima moja na nusu, na shibiri mbili. Akafunga fundo. Aliweka kiganja juu ya miviringo ya katikati, midogo, ya wakati mti ulipokuwa mche, akakiacha hapo. "Mimi nimekata mivule mingi," akasema. "Sikuwahi kuuliza ina umri gani."

Jumamosi, 31 Mei. Kurudi

Saa nane za barabara, kusimama mara mbili. Jumla ya safari kwa watu wawili: gari dola 290, mafuta 148, kulala usiku nne 541, viingilio 20, chakula 96 kwa sababu tulipika. Hifadhi ya taifa yenyewe haina kiingilio.

Juzi mjomba amenipigia simu ya video kutoka ufukweni Pangani, maji yamekupwa. Alikuwa amekunja ule uzi katikati, amechomeka mti kwenye mchanga, na anazunguka nao kuchora duara. Vijana wa karakana walikuwa wamesimama pembeni na tezo zao. Aliponigeuzia kamera, alikuwa anawapanga ndani ya duara mmoja mmoja, akihesabu, na alikuwa amefika kumi na tisa, na bado kulikuwa na nafasi.